Mimi Ndiye wa Chini ya Mto

Novemba moja, miaka sita iliyopita, nilipanda matatu kutoka Kisumu hadi Fort Ternan kutafuta kahawa ya kununua. Kilichonipokea ni harufu. Haikuwa harufu ya kahawa hata kidogo, ilikuwa ya kitu kilichochacha, kama machicha ya busaa yaliyosahauliwa juani siku tatu. Niliifuata kupitia migombani nikatokea kwenye kijito. Maji yalikuwa mazito, rangi ya kutu, na povu limeng'ang'ania mizizi ya miti. Juu kidogo mashine ya kumenya kahawa ilikuwa inanguruma, na bomba lake la majitaka limeelekezwa kijitoni.

Kulikuwa na mama anayeteka maji hatua chache juu ya bomba lile. Nikamsalimu, kisha nikamwuliza, "Mama, maji haya yanakwenda wapi?"

Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kisumu.

"Basi yanakuja kwenu, mwanangu."

Jibu hilo sijalisahau. Nimekaanga kahawa kwa miaka saba sasa, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ninayopanga mtaa wa Nyalenda, Kisumu, na watu wengi huniuliza kama kahawa yangu ni "safi kwa mazingira". Wengine wanataka kuona nembo yenye jani la kijani kwenye mfuko. Sina nembo hiyo. Nina mto.

Vijito vya huko juu vinaingia Mto Nyando. Nyando inashuka kupitia upande wa Koru na Muhoroni, inakatiza tambarare za Kano pale Ahero penye mashamba ya mpunga, kisha inamwagika katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji wetu huvutwa ziwani, pale Dunga. Kwa hiyo vikombe ninavyoonjea kahawa ninaviosha kwa maji ambayo kahawa hiyo hiyo ilishapita ndani yake.

Asiyejua kahawa inavyotengenezwa atajiuliza, tunda dogo namna hiyo linachafuaje mto? Tunda la kahawa lina nyama tamu na ute unaoteleza kama wa bamia. Kiwandani linamenywa, mbegu zinalazwa kwenye birika ili zichachuke kwa saa 12, 24, wakati mwingine zaidi, ute ulegee, kisha zinaoshwa. Sukari yote ya tunda inabaki kwenye yale maji. Yakiingia mtoni yana ukali wa tindikali, na vijidudu vinavyoila ile sukari vinatumia hewa iliyomo majini, mpaka samaki wanakosa ya kuvuta. Na ili upate kilo moja ya kahawa mbichi unahitaji kilo sita hadi saba za matunda, kwa hiyo piga hesabu ya nyama inayobaki. Sisemi kahawa peke yake ndiyo iliyolichosha ziwa letu. Nyando hubeba udongo mwingi wa mashamba, miji inamwaga yake, na magugumaji yananenepa kwa yote hayo. Lakini sehemu inayotokana na biashara yangu naijua, na siwezi kujifanya siijui.

Nilizaliwa Koru. Baba alikuwa na miti mia tatu ya kahawa, na ada zetu za shule zilitoka humo hadi siku zilipoacha kutoka. Kilele cha Kenya kilikuwa msimu wa 1987/88, tani karibu 130,000 nchi nzima. Siku hizi hatufikishi hata nusu ya hizo. Kitakwimu ni mstari unaoshuka. Nyumbani kwetu ilikuwa baba kupeleka matunda mwaka huu na kulipwa mwaka ujao, makato yakiwa yameshakula zaidi ya nusu. Sheria ya wakati ule ilikataza kung'oa kahawa, kwa hiyo hakung'oa. Alipanda mahindi katikati ya mistari akaiacha miti ijifie. Mwishowe mama alipikia visiki vyake. Nakumbuka moto ule ulivyokuwa mzuri, unaotulia, na mama hasemi neno.

Kwa hiyo nilipoanza, la kwanza nililoapa lilikuwa kuhusu pesa. Jambo la mto lilinijia baadaye, siku ile ya kijito.

Sasa nanunua kwa kikundi cha wakulima kumi na wanne wenye mashine yao ndogo ya kumenya. Si wale wa bomba lile la kwanza. Lakini hawa nao, nilipowakuta, maji yao yalikuwa yanakwenda palepale. Nilipoanza maneno ya mto, katibu wao, mzee mpole sana, alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Dada, tumekuelewa. Shimo litachimbwa na nani?"

Swali la haki. Tuligawana: wao walitoa mikono, mimi nikalipa simenti, mabomba na pampu. Kwanza tulibadilisha namna ya kutumia maji yenyewe. Zamani maji safi yalikuwa yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine mchana kutwa. Sasa yaliyomenyea asubuhi yanazungushwa tena na tena, na maji safi yanabaki kwa suuza ya mwisho. Maganda hayasukumwi tena na maji. Yanapakiwa kwenye mkokoteni, yanarundikwa na samadi, na baada ya miezi kadhaa yanarudi shambani yakiwa mbolea. Maji machafu yanaingia kwenye shimo la kwanza, takataka zinatulia chini, yanahamia la pili ambako tunatia chokaa kupunguza ukali, kisha yananyonywa na ardhi polepole, mbali na kijito. Chokaa inachimbwa Koru, karibu na nilikozaliwa. Nimepita kando ya machimbo hayo utotoni, nguo za shule zikiwa nyeupe kwa vumbi, bila kuwaza kwamba siku moja nitabeba magunia yake kwa ajili ya kahawa.

Harufu haijaisha kabisa. Ukifika wakati wa mavuno utaisikia shimoni. Kijito, lakini, unaona changarawe chini.

Nilitaka kwenda mbali zaidi, na hapo ndipo nilipowaumiza watu. Kuna njia ya kukausha tunda zima bila kulimenya. Haitumii maji ya kumenyea wala ya kuoshea, na ikifanywa vizuri kahawa inakuwa na utamu wa matunda ambao wateja wa mjini wanaulipia vizuri. Tatizo ni kwamba kwa mkulima wa Kenya tunda lililokauka na ganda lake lina jina, mbuni, na mbuni ni mabaki: yaliyoanguka chini, yaliyokauka mtini, yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Nilikaa nao vikao vitatu kuwashawishi. Mama mmoja aliniambia waziwazi kwamba mama mkwe wake angemcheka akimwona anaanika matunda mabivu mazuri kama mbuni. Mwishowe walikubali, kwa sababu yangu. Wakaleta kilo 900 za matunda mekundu yaliyochambuliwa moja moja, tukayatandaza kwenye vitanda vya waya.

Kahawa iliyooshwa hukauka kwa wiki moja au mbili hivi. Tunda zima linataka wiki tatu, nne, na kila siku ligeuzwe. Siku ya tisa mvua ikaanza. Milima ya Tinderet huwa na mvua yake ya alasiri hata wakati Kisumu kumekauka, na mimi mtoto wa Koru nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Tulifunika kwa turubai. Turubai zilizuia maji, zikafungia joto na unyevu ndani. Nilipopanda tena Jumamosi, nikafunua kitanda cha pili, mkono wangu uliinuka na fungu la matunda yaliyoshikana, yenye manyoya meupe.

Wengine walisema tuyaanike tu, yatakauka, nani atajua. Ukungu wa aina fulani huacha sumu ndani ya mbegu, na kukaanga hakuiondoi yote. Nilikoboa kidogo, nikakaanga, nikaonja: ladha ya tambara lililosahauliwa kwenye ndoo. Zote zikaenda kwenye rundo la mbolea.

Niliwalipa kilo zote 900, shilingi 100 kwa kilo kama tulivyokuwa tumeandikiana. Elfu tisini. Sikuwa nazo, nilikopa kwenye chama chetu cha akina mama hapa Nyalenda na nikalipa kwa miezi kumi na moja. Shauri lilikuwa langu, na wao walikuwa wameniamini. Lakini pesa hazikurudisha kila kitu. Yule mama aliyemtaja mama mkwe wake alichekwa kweli.

Tumejaribu tena mara mbili tangu wakati huo, kidogo kidogo, kilo 60, chini ya paa la nailoni lililoinuliwa ili upepo upite, na kipimo cha unyevu mkononi: hatuondoi kitandani mpaka kishuke hadi asilimia 11 au 12. Imefaulu mara zote mbili. Sijawaomba waongeze. Wakitaka wataniambia.

Sasa pesa, maana wateja wananiuliza na nataka kujibu hadharani.

Mfuko wangu wa gramu 250 ni shilingi 650. Kahawa hupoteza uzito ikikaangwa, maji yanaruka, kwangu ni kama asilimia 16. Kwa hiyo gramu 250 zilizokaangwa zilikuwa karibu gramu 300 mbichi, nazo zilitoka kwenye kilo mbili kasoro kidogo za matunda. Msimu uliopita nililipa shilingi 120 kwa kilo ya matunda. Hiyo ni shilingi 233 zilizofika kwa mkulima kutoka kwenye mfuko wako. Kumenya, kukausha, kukoboa na usafiri ni 65. Vijana wangu wawili wa kukaanga na kufungasha, 90. Gesi na stima, 25. Kodi na leseni, 60. Mfuko na karatasi ya jina, 40. Zinabaki 137, na ukinunua dukani badala ya kwangu, mwenye duka huchukua 100 katika hizo.

Namba ya mkulima ninaichapisha kwenye mfuko. Mwenye hoteli mmoja aliniambia niiondoe, kwamba inawafanya wageni wahisi wanahukumiwa. Sikuiondoa, na nikampoteza. Iliniuma, maana alikuwa anachukua kilo ishirini kwa mwezi.

Bei tunaipatana kabla ya mavuno, inaandikwa, na nusu inalipwa siku matunda yanapopimwa. Nusu ya pili ndani ya wiki mbili. Kwangu mimi kuchelewesha malipo ya kahawa ni wizi, hata kama mwishowe unalipa yote. Baba alilipwa yote mwishowe.

Jambo lililoleta kelele kuliko mashimo, kuliko hata ukungu, ni jina linaloandikwa kwenye daftari la mizani. Shamba liko kwa jina la mume, uanachama kwa jina la mume, malipo yanaingia kwa simu ya mume. Anayepalilia, anayechuma, anayebeba debe kichwani hadi kwenye mizani ni mke. Niliomba kikundi kiruhusu anayeleta matunda aandikishe namba yake mwenyewe. Mzee mmoja alisimama akaniambia, "Umekuja kununua kahawa au umekuja kutuvunjia nyumba?" Nilikaa kimya. Waliozungumza ni wenzake, siku hiyo na vikao vilivyofuata, na jibu walilolipata hawakulichukua kwangu: mume anamkabidhi mkewe miti kadhaa, hamsini, themanini, mbele ya watu, na matunda ya miti hiyo ni yake na jina ni lake. Nyumba tisa kati ya kumi na nne zimefanya hivyo. Mzee yule aliacha kuniuzia. Ana miti ya zamani ya aina ya kahawa iitwayo SL28, ya urefu wa dari, na kahawa yake ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kukaanga. Naikumbuka kila msimu.

Nimetaja SL28, ngoja niseme kidogo. Wapenzi wa kahawa mjini wanaitukuza, na ladha yake inastahili. Lakini ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani vinaipiga sana, kwa hiyo inanyunyiziwa dawa ya shaba mara nyingi kwa msimu, na mvua ya Tinderet inaiosha dawa hiyo kuelekea mnakojua. Aina mpya zaidi, Ruiru 11, iliyotolewa 1985, na Batian, iliyotolewa 2010, zinastahimili magonjwa hayo. Kuna wakaangaji wanaozidharau. Mimi nimeonja Batian iliyochumwa ikiwa nyekundu kabisa, ikakaushwa kwa subira, na sioni cha kudharau. Wakulima wangu wanapanda Batian kwenye mapengo nami naiuza kwa bei ileile.

Kuhusu kukaanga kwenyewe sina mengi. Nilianza na pipa la kuzungusha juu ya makaa, nililochomelewa na fundi wa jua kali Kibuye. Moshi wake ulikuwa unaingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga anayekohoa, na jirani hakuwahi kulalamika, ndiyo maana niliona aibu zaidi. Sasa nina mashine ya gesi ya kilo tano yenye bomba linalopanda juu ya paa. Stima ikikatika kahawa ikiwa kwenye nyuzi 190, gesi inaendelea lakini pipa linasimama, na ukisubiri dakika mbili inaungua. Kwa hiyo fundi yule yule alinitengenezea mkono wa kuzungusha, na vijana wangu wanaujua hata gizani. Tunasikiliza mlio. Kahawa ikifika karibu nyuzi 200 hulia kama bisi, na hapo unaamua. Vile viganda vyembamba vinavyopeperuka tunavikusanya kwenye gunia. Jirani, mama wa yule mtoto, huvitandika kwenye banda lake la kuku.

Mifuko imenishinda kwa kiasi, na siwezi kuficha. Tangu Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na wengi wanadhani mfuko wangu wa karatasi ya kaki ni karatasi tupu. Ndani una utando wa plastiki. Nilijaribu karatasi tupu, na baada ya wiki mbili kahawa ilikuwa imekufa ladha, na kutupa kahawa iliyokufa ni kutupa maji, kazi na udongo wa watu kumi na wanne. Kwa wateja wa Kisumu nimeanzisha mikebe: unalipa shilingi 100 za dhamana, ukirudisha mkebe unajaziwa au unarudishiwa pesa yako. Wa Nakuru na Nairobi bado wanapata mfuko wenye utando. Sijapata njia nyingine inayoniridhisha.

Na kuna mteja ninayetaka kumtaja kabla sijamaliza, ingawa si mkubwa. Kahawa ikishakobolewa huchujwa kwa ukubwa: AA ndizo kubwa, zinakuja AB, halafu zile za mviringo, halafu ndogo na zilizovunjika. Ndogo hizo hazina ubaya wa ladha kama matunda yalikuwa mazuri, ila hazipendezi kwenye picha. Mzee mmoja anauza kahawa chungu jioni, karibu na msikiti, kwenye birika la shaba lililokaa juu ya makaa, na tangawizi ndani. Shilingi kumi kikombe kidogo. Zamani alikuwa akinunua unga uliochanganywa na sijui nini. Nilimpelekea zile ndogo, nikazikaanga nyeusi kama anavyotaka, nikampa kwa bei ambayo hainipi faida kubwa wala hasara. Jioni ya kwanza alionja, akanyamaza, akaonja tena. "Mama, hii inatoka wapi?"

Nikamwambia Fort Ternan, juu ya Koru, saa mbili hivi kwa gari.

"Miaka arobaini nauza kahawa," akasema, "nikijua kahawa ni ya Nyeri."

Mjini tunakunywa chai ya maziwa, na karibu kahawa yote ya nchi hii hupakiwa meli bila wakulima wengi kuwahi kuionja. Mwaka jana nilipanda na mashine ndogo ya kusagia na birika, tukachemshia kahawa kando ya vitanda vya kukaushia. Katibu alitia vijiko vinne vya sukari. Yule mama aliyechekwa na mama mkwe wake alikunywa bila sukari, akaniomba nimwachie robo kilo ampelekee mama mkwe.

Mavuno makubwa yanakuja na shimo la pili limeanza kuvuja upande wa chini. Tulilikagua wiki jana: simenti imepasuka, na ukiruka uzio unaona unyevu umeshafika hatua thelathini kutoka kijitoni. Jumatano napanda na fundi, mifuko sita ya simenti, na nitapitia Koru kuchukua chokaa. Kwa hiyo walioagiza kahawa ya Alhamisi, niwieni radhi, tutakaanga Ijumaa. Na kama una mkebe wangu jikoni, urudishe kabla ya hapo. Nimebakiwa na kumi na mmoja tu.